Barua ya wazi: Stesheni yetu ina abiria, ila tiketi zao zimeandikwa Moshi na Arusha

Kwa:
Mkuu wa Usafirishaji wa Abiria,
Njia ya Reli ya Kaskazini.

Ndugu Mkuu,

YAH: TRENI YA ABIRIA KATIKA STESHENI NDOGO KATI YA MOSHI NA ARUSHA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni wakulima wa mpunga, vitunguu na nyanya wa ukanda wa chini wa Hai, wachuuzi wa masoko ya Moshi na Arusha, madereva wa bodaboda wanaoegesha penye stesheni, na wazee waliostaafu kazi ya reli ambao bado wanaishi kando ya tuta. Tumeandika kwa njia ya kawaida, kwa mkono na kupitia ofisi ya kata. Tumepewa pole na tumeambiwa tusubiri. Sasa tunaandika hadharani. Jina la stesheni limo kwenye barua zilizoko mezani kwako. Hapa tumeliacha makusudi, kwa sababu haya tunayoyasema si ya stesheni moja.

Reli hii ilifika Moshi kutoka Tanga mwaka 1911, ikafika Arusha mwaka 1929. Mwaka 1963 kipande cha Mnyusi hadi Ruvu kikaiunganisha na Reli ya Kati, na kwa hiyo na Dar es Salaam. Treni ya abiria ilikoma miaka ya 1990, ikarudi Moshi Desemba 2019, na Oktoba 2020 ikafika tena Arusha. Tulifurahi, na furaha hiyo haijafutika. Hatuombi treni ya pili. Tunaomba hii iliyopo, inayopita mbele ya nyumba zetu, iwe ya kupandika na ya kushukika. Tumesikia kwamba stesheni ndogo zinafikiriwa kuondolewa kwenye ratiba kwa sababu "hazina abiria". Hilo ndilo lililotutoa kimya.

1. Tiketi.

Tunaanza na hili kwa kuwa hesabu nyingine zote zinatoka hapa. Stesheni yetu haina dirisha la tiketi. Anayetaka kwenda Dar es Salaam ana njia mbili. Ya kwanza ni kupanda bodaboda hadi lami ya Boma Ng'ombe, kisha Noah hadi Moshi, akate tiketi ya Moshi na apandie hukohuko. Treni hiyohiyo itakuwa imempita nyumbani kwake muda mfupi kabla ya kufika Moshi. Ya pili ni kukata tiketi ya kuanzia Arusha, alipie kipande ambacho hatakisafiri, ili tu apate kiti. Anayerudi kutoka Dar es Salaam naye huambiwa kituo chake hakimo kwenye orodha, anakatiwa ya Arusha, anashukia kwetu.

Kwenye vitabu vyenu watu wote hao ni abiria wa Moshi na wa Arusha. Mwisho wa mwezi anayesoma jedwali anaona sifuri kwenye mstari wetu, anaandika kwamba stesheni haina wateja. Jedwali hilo halisemi uongo, ila linapima mahali tiketi ilipoandikwa na halipimi mahali mtu alipokanyaga ngazi ya behewa.

Kipimo sahihi ni rahisi. Gadi, yaani msimamizi wa safari aliyemo ndani ya treni, awe na fomu ya ukurasa mmoja yenye safu saba: tarehe, treni inaelekea wapi, waliopanda, walioshuka, vifurushi vilivyopakiwa, saa ya kufika na saa ya kuondoka. Mtoto wa mgongoni asihesabiwe. Fomu ijazwe hapohapo treni ikiwa imesimama, isingojee Moshi. Siku ya gulio iwekewe alama, kwa sababu wastani unaochanganya siku ya gulio na siku tupu haumfai mtu yeyote. Na miezi ya kupima ichaguliwe kwa haki. Mkipima Aprili na Mei peke yake, mvua ikiwa imekata njia za mashambani, mtapata abiria wachache. Pimeni na wakati wa mavuno, na pimeni Desemba, ambapo kila anayefanya kazi Dar es Salaam na ana mizizi Kilimanjaro anatafuta namna ya kurudi nyumbani.

Kiti nacho kina dawa yake. Stesheni ndogo ipewe mgawo: tuseme viti 12 vya daraja la tatu na 4 vya daraja la pili la kukaa kwa kila safari. Visipouzwa hadi saa 24 kabla ya treni kuondoka, virudi kwenye mauzo ya Moshi na Arusha. Hakuna kiti kitakachosafiri kitupu kwa sababu yetu. Muuzaji anaweza kuwa wakala mwenye simu na lipa namba, kama wale wa mabasi walioko kila kijiji.

2. Saa ya treni.

Treni ikichelewa hatushangai. Njia ni moja, na kupishana na treni ya mizigo kunaweza kula saa nzima. Tunachoshindwa kuelewa ni kwa nini kuchelewa kunajulikana kwenye chumba cha kontrola, wanakoongoza mwendo wa treni, na hakujulikani kwa mama aliyekaa juu ya gunia lake tangu alfajiri. Treni ya kutoka Dar es Salaam ikishatoka Same, kutoka hapo hadi Moshi kuna kama kilomita 100. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa ni saa mbili na nusu, bado kabla ya kuanza kipande cha kuja kwetu. Taarifa moja ya simu kutoka Same na nyingine kutoka Kahe zinatosha kumwambia mtu arudi akanywe uji au abaki hapohapo.

Tunaomba ubao mweusi na chaki, na mtu wa kupigiwa simu. Mtendaji wa kijiji yuko tayari kupokea, na mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda yuko tayari kuandika. Ubao uwe na mistari mitatu tu: imetoka Same saa ngapi, imetoka Kahe saa ngapi, inatarajiwa hapa saa ngapi. Saa ziandikwe kwa namna mbili, yaani 08:30 na saa 2:30 asubuhi. Tangazo linaloandika 08:30 peke yake limeshawaweka watu wazima stesheni saa nane na nusu mchana, treni ikiwa imelala Arusha.

3. Mahali treni inaposimama.

Hapa ndipo watu wanapoumia, kwa hiyo tutachukua nafasi.

Jukwaa letu ni fupi. Linatosha mabehewa matatu. Treni ni ndefu kuliko hapo. Dereva akisimamisha kichwa cha treni mwisho wa jukwaa, mabehewa yaliyo jirani na kichwa ndiyo yanayopata jukwaa, na ya nyuma yanabaki kwenye tuta, mlango ukiwa juu ya kokoto zinazoteleza na nyasi zilizofika magotini. Treni ikifika Arusha, kichwa hufunguliwa, huzungushwa na kufungwa upande wa pili. Kwa hiyo mabehewa ya daraja la tatu yaliyokuwa nyuma wakati wa kuja yanakuwa mbele wakati wa kurudi. Abiria aliyejifunza wapi pa kusimama asubuhi atakuta pamehama jioni. Ndiyo maana mnaona watu wanakimbia kando ya treni na mizigo kichwani. Si utovu wa nidhamu. Hakuna aliyewaambia mlango utakuwa wapi.

Dawa ni vibao viwili vya kusimamia kichwa cha treni, kimoja kwa treni inayokwenda Arusha na kingine kwa inayokwenda Moshi, vikiwekwa kila kimoja kwa kipimo chake, ili katika pande zote mbili mabehewa ya daraja la tatu ndiyo yaangukie jukwaani. Behewa moja lina urefu wa takriban mita 20. Gadi akijua mpangilio wa mabehewa ya siku hiyo, hesabu ni ya kuzidisha tu. Kibao ni bati lililopakwa rangi, bomba la chuma na ndoo mbili za zege. Mpangilio wa mabehewa ukibadilika, gadi amwambie dereva kabla ya kuondoka Moshi au Arusha ni mita ngapi mbele au nyuma ya kibao.

Halafu milango. Mara nyingi hufunguliwa mmoja. Mtu mwenye mzigo huchukua kama sekunde 10 kupanda. Watu 40 kwa mlango mmoja ni sekunde 400, karibu dakika saba. Milango mitatu ikifunguliwa, watu haohao wanamaliza kwa dakika mbili na robo. Dereva anapopewa dakika mbili na mlango ni mmoja, treni inaondoka watu wakiwa wananing'inia, au inachelewa na lawama inatujia sisi.

Na kimo. Hata palipo na jukwaa, hatua ya kutoka chini hadi ngazi ya kwanza ya behewa ni kubwa mno kwa mzee, kwa mjamzito na kwa mtu wa magongo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, haikuziruka stesheni za vijijini. Hatudai jukwaa jipya la zege mwaka huu. Tunadai vigoda vitatu vya mbao vya ngazi mbili: urefu wa sentimita 80, upana 60, kimo cha jumla 40, na kila ngazi 20. Mbao ziwe za inchi mbili, miguu ifungwe kwa bolti kwa sababu misumari hulegea kwa kutikiswa, na juu papigwe ukanda wa tairi kuukuu ili mvua isitelezeshe watu. Fundi seremala wa Moshi anamaliza vyote kwa siku mbili. Vifungwe kwa mnyororo na kufuli ukutani, ufunguo akae nao mlinzi. Gadi asitoe bendera ya kijani kabla vigoda havijaondolewa kando ya behewa.

4. Mabehewa ya mizigo yanayoegeshwa mbele ya jukwaa.

Stesheni hizi zilijengwa na njia ya pili ili treni zipishane. Siku hizi njia hiyo hugeuzwa maegesho. Mabehewa ya mizigo yanaachwa hapo, nayo yanakata kijia cha kutoka kijijini kwenda jukwaani. Watu wanapita chini yake, watoto wa shule pia, na kina mama wanawapokezana watoto juu ya vifungio vya mabehewa.

Wastaafu wetu wanaomba hili lisomwe polepole. Behewa lililoachwa bila kichwa cha treni halishikiliwi na breki ya hewa kwa muda mrefu. Hewa huvuja kidogo kidogo hadi breki inaachia. Baada ya hapo kinacholizuia ni breki ya mkono iliyokazwa sawasawa na kabari chini ya gurudumu. Kabari tumeziona zimeibwa au zimehamishwa. Ardhi yetu ina mteremko ambao jicho haliuoni lakini gurudumu linauhisi. Tena kichwa cha treni kinapokuja kuyafunga mabehewa hayo, huyasukuma ghafla, na aliyeko chini hapati onyo.

Tunaomba mambo manne. Mabehewa yasiegeshwe mbele ya jukwaa siku ya treni ya abiria. Ikilazimu kuegesha, yakatwe na kuachwa pengo la angalau mita 15 mahali kijia kinapopita. Kila kundi liwe na breki za mkono zilizokazwa kwenye mabehewa ya mwanzo na ya mwisho, na kabari zilizofungwa kwa mnyororo. Na kabla ya kuyafunga, mfanyakazi atembee urefu wote wa kundi na kichwa kipige honi. Haya yanahitaji agizo lako tu, hayahitaji bajeti, na ndiyo hatutakubali yasubiri jambo lingine lolote.

5. Mizigo.

Mkulima wa nyanya akifika na makreti yake, hakuna mizani. Uzito unakadiriwa kwa macho, nauli ya mzigo inakuwa mjadala, risiti haitoki. Tunaomba mizani moja ya kilo 200, bei zilizobandikwa ukutani kwa kilo na kwa umbali, na kitabu cha risiti chenye nakala. Sisi kwa upande wetu tunaahidi kwamba magunia ya lumbesa, yaani yaliyojazwa kupita kipimo, hayataletwa stesheni. Uongozi wa soko umeshakubali kuyazuia getini. Vifurushi vipangwe jukwaani mahali behewa la gadi litakaposimama, nusu saa kabla ya treni, ili visibebwe kupita kati ya abiria.

6. Taa, choo na maji.

Taa mbili za sola, moja penye ngazi na moja penye choo. Choo cha matundu mawili chenye mlango unaofungika kwa ndani. Paa la stesheni lina ukubwa wa kama mita za mraba 60. Mvua ya milimita 10 ikinyesha, linatoa karibu lita 500, ambazo sasa zinamomonyoa msingi wa jengo kwa kukosa mifereji. Mifereji na simtanki la lita 2,000 vitaondoa tatizo la maji ya kunawa na kuokoa ukuta.

Sasa tujibu tunayoyatarajia.

Mtasema kusimama kwetu kunaichelewesha treni. Tumepiga hesabu. Treni inayokwenda kilomita 40 kwa saa, ikipunguza mwendo hadi kusimama na kuushika tena, inapoteza kama dakika moja na robo. Ongeza dakika tatu za kupanda na kushuka kwa milango mitatu. Jumla ni dakika nne na kidogo, katika safari ya usiku kucha. Kipande chenye mataruma (mbao zinazobeba reli) yaliyooza ambacho dereva anaamriwa kukipita polepole hula zaidi ya hapo, na hatujasikia mtu akipendekeza kipande hicho kifutwe kwenye ratiba.

Mtasema hamna wafanyakazi wa kuweka kila stesheni. Tunaelewa, na ndiyo maana hakuna tulichoomba kinachohitaji stesheni masta. Wakala wa tiketi analipwa kwa kamisheni. Mlinzi tayari yupo. Gadi tayari yumo ndani ya treni.

Mmeshawahi kutujibu kwa mdomo kwamba treni isimame kwa ombi, yaani mtu apunge mkono au tochi dereva akimwona. Hilo tunalikataa. Treni ya mwendo huo inahitaji zaidi ya mita 200 kusimama kwa utulivu, na mita nyingi kabla ya hapo ili dereva aone na aamue. Usiku, kwenye kona, penye vumbi, kijana mwenye tochi ya simu atasogea katikati ya reli ili aonekane. Msituwekee utaratibu utakaoua mtu halafu mkauita huduma. Treni isimame kila safari kwa miezi sita, fomu ya gadi ijazwe, na takwimu hizo ndizo zitumike kuamua.

Mtasema eneo ni hifadhi ya reli, mita 30 kila upande vijijini kwa Sheria ya Reli ya mwaka 2017, kwa hiyo wananchi hawawezi kujenga kibanda wala choo. Ni kweli, na hatujajenga. Lakini sheria inayotuzuia sisi haiwazuii ninyi. Tupeni ramani na kibali cha maandishi. Kijiji kitatoa mchanga, mawe na nguvu kazi.

Na mtasema reli ya kisasa ya Tanga hadi Arusha na kuendelea hadi Musoma imo kwenye mipango. Ijengwe, tutaishangilia. Ila nyanya za msimu huu zitaiva msimu huu.

Tunayoomba, kwa muda wake:

Ndani ya siku 7, agizo la maandishi kuhusu mabehewa yanayoegeshwa, kama tulivyolieleza kwenye hoja ya nne, nakala yake ibandikwe stesheni.

Ndani ya siku 30, gadi waanze kujaza fomu, milango mitatu ifunguliwe, ubao wa saa uwekwe na namba ya kupigiwa ikabidhiwe kwa mtendaji wa kijiji. Ndani ya muda huohuo jina la stesheni yetu lirudi kwenye orodha ya mauzo ya tiketi, kwa nauli ya umbali halisi, pamoja na mgawo wa viti.

Ndani ya siku 60, vibao vya kusimamia, vigoda, taa na mizani. Choo na tanki vikamilike kabla ya masika.

Uamuzi wowote wa kuifuta stesheni usubiri miezi sita ya fomu za gadi, na kabla haujatolewa ujadiliwe kwenye mkutano wa hadhara wa kijiji, mkiwepo. Kama baada ya miezi hiyo fomu zitaonyesha kwamba kweli hatupandi, tutakubali, na hatutaandika tena.

Siku 30 zikipita bila majibu ya maandishi, tutayapeleka haya yote kwa baraza la watumiaji wa huduma za usafiri wa ardhini na kwa mbunge wetu, tukiambatanisha picha za kijia cha watoto chini ya mabehewa.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Abiria, wakulima, wachuuzi na wastaafu wa reli wa stesheni husika,
Wilaya ya Hai, Mkoa wa Kilimanjaro.

Nakala:
Mtendaji wa Kata
Mtendaji wa Kijiji – ibandikwe kwenye ubao wa matangazo
Ukuta wa stesheni